Mwonja Maji wa Ivuna

Mimi ni wifi yake, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Ketrina alikuwa mkaidi, mchache wa maneno, na akikasirika hakupiga kelele kama sisi tuliolelewa vizuri. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kuliichosha nyumba nzima. Kaka yangu Amoni alimwoa akijua. Nilimwonya kwa kinywa changu, tukiwa tunachambua kahawa pale kwetu Igamba, nikamwambia, "Huyu binti wa bondeni atakufanya uombe radhi kwa kosa usilolijua." Akacheka. Mwanamume akishapenda, kumshauri ni kumpigia mbuzi gitaa.

Alizaliwa Ivuna mwaka ule wa tetemeko kubwa, Wajerumani wakiwa bado wanatawala. Mama yake alikuwa akisema kwamba nyumba iliporuka, mtoto naye akatoka, wala mkunga hakuwahi kufika. Basi utotoni wenzake walimtania kwamba yeye hakuzaliwa, alidondoshwa. Mimi nami nilimtania hivyo mpaka uzeeni na hakuwahi kucheka hata mara moja.

Mtu wa kwetu Mbozi akitaka kwenda Ivuna hushuka. Huku juu kuna baridi, kahawa na mahindi. Unafika ukingoni pa nchi, unaanza kuteremka mpaka magoti yanakuuma, na chini unakuta bonde pana, tambarare, lenye joto la kukaanga karanga. Mbele yako, mbali, siku hewa ikiwa safi, unaona ukuta mwingine wa milima ukienda sambamba na huu ulioushuka. Katikati kuna Ziwa Rukwa, na huku mwisho wake kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wanawake wa Ivuna walikwangua udongo uliolowa maji hayo, wakautia katika chungu chenye matundu chini, wakamimina maji juu yake, na yale yaliyochuruzika wakayachemsha mpaka ikabaki chumvi nyeupe. Chumvi hiyo ilipanda kwetu ikashuka kuwa mahindi. Maana bondeni, mwaka usio na mvua, mahindi hayapo, na miaka isiyo na mvua ilikuwa mingi.

Walikuwa na desturi moja ambayo mimi, msomi wa misheni niliyefundisha wanawake kusoma Biblia, niliiona ya kijinga. Kila mwaka mvua zikiisha, kabla jembe halijagusa udongo, mwanamke mmoja alionja maji. Mmoja tu. Akisema, "Ni chumvi," kazi inaanza. Akisema, "Hayafai," hakuna jembe linaloinuka, na mtu mwingine haruhusiwi kutia hata ncha ya ulimi. Walisema zamani maji yaligeuka, yakawa machungu, yenye kitu kinachoharibu tumbo, watu wakayapika hivyo hivyo wakafa. Nikauliza kwa nini kila mtu asionje mwenyewe, akajua. Bibi mmoja akanijibu, "Mwanangu, mwenye njaa huonja kile anachotaka kuonja."

Kazi hiyo ya kuonja Ketrina aliirithi kwa shangazi yake. Alikuwa na ulimi wa ajabu. Ukimpa mboga iliyopikwa na maji ya kisima fulani atakwambia ni kisima gani. Watu walimwamini kuliko walivyomwamini mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa mwenyewe, Barnaba, alikuwa miongoni mwao.

Yeye na Amoni, wakiishi huko Ivuna, walipata mtoto mmoja, Ikupa, mwaka ule kimondo kilipoanguka Ivuna. Sijui yule mtoto alimrithi nani. Si mama yake, maana alikuwa na maneno kuanzia anapoamka. Wala si baba yake, maana Amoni ni mpole. Wenye ulimi mbaya walisema kanirithi mimi. Alikuwa akikaa karibu na vyungu vya mama yake akisimulia mambo, na Ketrina akichochea moto bila kujibu, ila ukimtazama usoni ulimwona anasikiliza kila neno. Nilimpenda mno mtoto yule. Alikufa kwa homa akiwa na umri wa kuanza kujua kusuka ukili.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Amoni alitaka mtoto azikwe Igamba, palipo na baba zetu. Ketrina akakataa. Ilikuwa masika, mito imefurika, njia haipitiki, hata mimi niliyekuwa nimeshuka kufundisha nimekwama huko, na wote tulidhani hiyo ndiyo sababu. Lakini alipoulizwa hakutaja mito. Alisema, "Azikwe pale ninapoweza kumwona nikiwa kazini." Akapaonyesha kwa mkono: kilima kidogo kando ya uwanja wa chumvi, ambapo hapakuwa na kaburi lingine. Amoni akakubali siku ile kwa sababu ya mvua, na kesho yake hakukubali tena, lakini mtoto alikwisha kuzikwa. Mito ilipopungua akapanda Igamba kuangalia kahawa, asirudi. Hawakuachana. Walisimama tu, kila mmoja upande wake, miaka miwili. Mama yetu akanituma nishuke nikakae na wifi yangu asije akabaki peke yake, nami, ambaye sikupata mume wa kunizuia, nikashuka.

Kisha ukaja mwaka ule wa njaa ambao watu wa Tanganyika nzima wanaukumbuka. Mvua hazikunyesha. Ziwa lilirudi nyuma kila juma mpaka upande wetu ukabaki matope yaliyopasuka, samaki wamekauka humo, na harufu ambayo sitaisimulia. Mahindi hayakuota hata kidogo. Tukasema, haidhuru, chumvi ipo. Huko juu walikuwa na akiba, na hakuna anayekula ugali na mboga chapwa akiwa na hiari.

Basi asubuhi moja, siku chache kabla ya Ketrina kwenda kuonja, ardhi ikatikisika. Halikuwa tetemeko la kuangusha nyumba. Vyungu viligongana, kuku wakaruka, mbwa mmoja akalia. Mimi nilishika nguzo ya nyumba nikataja majina yote ya Mungu niliyofundishwa. Ketrina alikaa tu pale alipokuwa amekaa. Likapita. Jioni maji ya chemchemi yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele, na kabla juma halijaisha yalikuwa yamekauka yote, ukabaki udongo mkavu.

Ruti ndiye aliyeyaona yalikohamia. Alikuwa mwanamke mchanga mwenye mtoto wa kunyonya, anayezunguka kutafuta mizizi. Alipanda kile kilima akakuta udongo umelowa upande mmoja mzima, na maji yanabubujika kutoka ufa mwembamba, hatua chache tu kutoka kwenye miguu ya Ikupa. Hakuja mbio akishangilia. Alikuja polepole, akasimama mlangoni kwetu, akasema, "Mama Ikupa, maji yametokea kwa mtoto." Halafu akaanza kulia, maana alijua analosema.

Tukapanda wote. Wanawake walisimama chini ya kilima kama desturi inavyotaka na Ketrina akaenda peke yake, mimi nikimfuata nyuma kidogo kwa sababu ni wifi na wifi haambiwi asimame. Akapiga magoti. Akachota kwa kiganja, akatia mdomoni, akafumba macho. Nilikuwa nimemwona akionja mara nyingi. Maji mabaya aliyatema. Alikuwa akitema kwa nguvu, hata mate ya baadaye aliyatema. Siku ile alimeza, nami nililiona koo lake likishuka.

Akainuka, akawageukia wanawake, akasema, "Hayafai."

Hakuna aliyeuliza mara mbili. Ruti alimhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine, wakashuka. Nyumbani nilifunga mlango, nikamwambia, "Wifi, umemeza."

"Nilikuwa na kiu," akasema.

Majuma yaliyofuata sipendi kuyakumbuka. Tulikula majani, tukala mizizi inayotakiwa kuchemshwa kutwa nzima ndipo isiue. Wanaume wakaenda kutafuta kazi kwa mabwana wa nzige, wale wazungu waliokuwa wakiua nzige bondeni, na wengine wakavuka mpaka kwa ndugu zao wa upande wa Rhodesia, wasipate kitu. Maziwa ya Ruti yalipungua mpaka mtoto akawa analia bila sauti. Bibi Fides, yule aliyenijibu juu ya mwenye njaa, alilala siku moja mchana asiamke. Alikuwa mzee sana, na hakuna aliyesema kwamba ni ukosefu wa chumvi uliomuua. Lakini tuliporudi kutoka mazikoni Ketrina aliketi nje akitazama mikono yake, akaniambia, "Yule nimemuua mimi." Nikamwambia aache upuuzi. Sikuwa na hakika kwamba ni upuuzi.

Mzee Barnaba naye akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba, maana Ivuna waliamini kwamba watu wakigombana, chumvi hukimbia. Alikuwa anatafuta aliyegombana. Alipofika kwetu aliuliza kwa adabu nyingi kama kuna aliyenuniana na mwenziwe. Ketrina akamjibu, "Mimi na Amoni, baba. Miaka miwili." Barnaba hakutegemea jibu hilo. Akasali sala ndefu, akaondoka bila kututazama.

Yule mzungu alifika wakati huo. Tulidhani ni bwana wa nzige, kumbe alikuwa wa idara inayopima mawe, ametoka Dodoma. Alitembea na wapagazi wawili na nyundo, akipasua jiwe hapa na jiwe pale na kuyanusa, basi siku ile ile akaitwa Bwana Nyundo. Alisema Kiswahili cha kitabuni, chenye adabu kupita chetu. Alikuwa akifuata chemchemi zote za chini ya ule ukuta wa milima, na aliposikia za Ivuna zimehama alifurahi mno, na mimi nikamchukia kwa kufurahi kwake.

Aliomba aonyeshwe maji mapya. Mimi na Ketrina ndio tuliompeleka, wengine hawakuwa na nguvu. Pale kilimani aliona kaburi, akavua kofia, akazunguka asilikanyage. Hakuonja. Aliweka maji kidogo katika kijiko kipana cha chuma, akakishika juu ya moto mpaka maji yakaisha, akatuonyesha. Ndani ya kijiko palibaki ukoko mweupe. "Chumvi safi, mama," alimwambia Ketrina, "hata kuliko ile ya zamani ninayoiona imeganda kule chini." Hakujua amesema nini. Ketrina alikitazama kile kijiko muda mrefu, kisha akauliza jambo ambalo sikulitazamia.

"Kwa nini yamekuja hapa?"

Bwana Nyundo alitupeleka kwenye korongo, ambako mvua za zamani zilikuwa zimekata ardhi ukaweza kuiona kwa ubavu. Akatuonyesha kwa nyundo kuanzia juu: udongo wetu huu, chini yake mstari mweupe wa chumvi, chini yake tope la kijivu lenye magamba ya konokono na mifupa ya samaki, kisha mchanga, kisha tope tena lenye magamba. Alisema kila mstari wa tope ni ziwa lililokuwapo, na kila mstari wa chumvi ni ziwa lililokufa, kwamba Rukwa imejaa na kukauka kabla hajazaliwa mtu wa kuona njaa yake. Na upande wa pili wa bonde, chini ya yote, alikuwa ameona makaa ya mawe, ambayo zamani yalikuwa miti. Palikuwa na misitu hapa, alisema, kabla hapajawa bonde.

"Na bonde lilikuja lini?" niliuliza.

Akatafuta namna ya kutueleza. Kulikuwa na kipande cha ugali wa mtama, chakula chake cha mchana. Akakishika kwa mikono miwili akakivuta taratibu. Ugali ukachanika huku na huku, na katikati ukatitia. "Ardhi inavutwa hivi," alisema. "Kando zinabaki juu. Hizo ndizo milima yenu. Katikati panashuka. Zile nyufa zinakwenda chini sana, kwenye joto. Maji huzama humo, huokota chumvi, hupanda tena. Ardhi ikitikisika, ufa mmoja hufumba na mwingine hufumbua. Ndiyo sababu tu. Hakuna aliyeyafukuza maji, wala hakuna aliyeyaita."

"Bwana," Ketrina alisema, "chakula hakichezewi mwaka huu."

Aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Akatugawia ule ugali, vipande viwili sawa, na yeye hakula. Hapo nikaacha kumchukia.

Ketrina alitafuna polepole. Akauliza, "Ikiendelea kuvutwa, inakuwaje?"

"Wapo wasomi," alisema, "wanaosema kwamba bahari huanza hivi. Nchi hupasuka, bonde hushuka, hushuka, mpaka siku moja bahari hupata njia ya kuingia. Wanasema Bahari ya Shamu ilikuwa bonde kama hili. Wenzao wanawacheka. Mimi sijaamua, ila nikisimama hapa naelekea kuwaamini."

Mimi nilitaka kubishana. Nilikuwa nimefundisha habari za Bahari ya Shamu kila mwaka wakati wa Pasaka na hapakuwa na neno lolote juu ya ugali. Lakini Ketrina aliniwekea mkono gotini ninyamaze.

"Kwa hiyo huyu aliyelala pale juu," alisema, "atakuwa baharini."

Bwana Nyundo alitazama kaburi, akatutazama sisi, na sasa ndipo alipoelewa. "Baada ya miaka ambayo hakuna hesabu yake, mama. Pengine."

"Nikitaka kumweka mtu mahali ambapo ardhi haiondoki, nimweke wapi? Igamba?"

"Igamba nayo inasogea," alisema. "Taratibu tu. Hakuna mahali pa namna hiyo. Samahani."

Alikuwa mtu mwema. Angeweza kudanganya, na mwanamke yule angemshukuru. Kesho yake alifungasha akaendelea na safari kuelekea Ufipa, na sisi hatukumwona tena.

Siku hiyo hiyo Ketrina aliwaita watu. Walikuja wakikokota miguu, wakakaa pale penye vyungu vilivyokauka. Alisimama katikati na kusema bila utangulizi, "Niliwadanganya. Maji ni chumvi, tena nzuri. Mwanangu yuko pale, na niliogopa majembe yenu. Niliogopa hivyo hata nikawaacha mfe njaa. Sina la kujitetea."

Nilidhani watampiga. Ingekuwa afadhali wangempiga. Walikaa kimya, na ukimya ule ulikuwa wake, ule wa kutuchosha, safari hii umerudi kumchosha yeye. Kisha Ruti akainuka, mtoto mgongoni. Alipanda kilima mbele ya macho yetu sote, akainama, akachota, akaonja. Akameza. Akageuka akasema kwa sauti ndogo iliyosikika mpaka chini, "Ni chumvi."

Na wengine wakainuka mmoja mmoja wakaenda, kila mtu akaonja kwa mkono wake. Tangu siku ile hakuna mwonja maji Ivuna. Ketrina alisimama mahali pake mpaka wote walipopita. Nilikwenda kusimama karibu naye, na kwa kuwa sikuwa na neno la maana nilimwambia aliyedondoshwa hana pa kuangukia tena. Hakucheka, lakini aliushika mkono wangu.

Ruti aliporudi alisema watachimba upande wa pili, wataliacha kaburi. Ilikuwa ni huruma kubwa kutoka kwa mtu ambaye mtoto wake alikuwa amebaki macho tu. Ketrina akatikisa kichwa. Alisema udongo wa kilima unazidi kulowa, na jembe lenye njaa halijui mpaka; leo mtaliheshimu kaburi, kesho mtalisogelea, kesho kutwa nitakuja hapa kuwatukana. "Chimbeni upande wa pili kwa sasa," alisema. "Mimi nitamwondoa mwanangu." Kisha akanigeukia mimi. "Wifi, nenda kamwite kaka yako."

Mzee Barnaba alipinga. Alisema maiti hafukuliwi, amelala, anangoja parapanda. Ketrina alimjibu kwa heshima, macho yake chini. "Baba, Musa alibeba mifupa ya Yosefu kutoka Misri. Akaivusha Bahari ya Shamu. Ulitusomea wewe." Barnaba akaenda kutafuta kitabu chake cha tenzi.

Nilipanda Igamba kwa miguu ambayo haikuwa imekula. Nilimkuta Amoni kwenye kahawa yake na nikamwambia yote, pamoja na uongo, pamoja na Bibi Fides, maana sikutaka ayasikie njiani. Nilitegemea aseme, "Si niliwaambia?" Ana haki hiyo, na ningekuwa mimi ningesema. Alikaa chini kwenye udongo. Akauliza, "Amekonda sana?" Sikujua anamuulizia mama au mtoto. Kisha akaingia ndani akatoka na mkeka mpya, ambao hakuwa ameusuka juma lile wala mwezi ule. Aliubeba pamoja na mahindi kiasi alichoweza, tukashuka.

Walipokutana hawakusalimiana kwa maneno. Ketrina alikuwa amekwisha kuanza kuchimba. Amoni akavua shati, akaingia kusaidia, na sisi wengine tukakaa mbali tukiimba pamoja na Barnaba. Walikwenda chini polepole, wakitumia mikono mwishoni. Kisha nikasikia Ketrina akitoa sauti ambayo sijaisikia kwake kabla wala baadaye, nikaacha kuimba nikakimbia.

Nguo ilikuwa nzima. Ile kaniki tuliyomfungia, nilishika ncha yake moja mimi mwenyewe siku ya mazishi, ilikuwa nzima na rangi yake, imekauka na kuwa ngumu, imeganda chumvi nyeupe kwenye mikunjo. Fundo alilolifunga mama yake kifuani lilikuwa bado fundo. Hawakuifungua, wala hakuna aliyetaka ifunguliwe. Amoni alilia kwa sauti, kaka yangu mpole, na Ketrina aliweka kiganja juu ya lile fundo akasema, "Imemtunza. Amoni, chumvi imemtunza." Akarudia hivyo mara nyingi.

Tulimlaza kwenye mkeka, tukaondoka asubuhi baada ya sala. Amoni alishika mbele, mtoto wa kaka wa Barnaba akashika nyuma mpaka mguuni pa mlima, na mimi nilibeba jembe. Nyuma yetu wanawake walikuwa wamekwisha kuwasha mioto. Moshi wa chumvi ukapanda kwa mara ya kwanza mwaka ule, mtoto wa Ruti akalia nao, na safari hii kilio kilikuwa na sauti.

Katikati ya mlima tulipumzika. Kutoka pale bonde lote linaonekana, ziwa lililokauka, ukuta wa pili mbali kabisa, na ule weupe wa chumvi katikati. Ketrina alilitazama kwa muda. Mimi nilikuwa nikijaribu kuona bahari mahali pale, nikashindwa, nikaona tu nchi kubwa yenye njaa. Amoni alikuwa akifuta jasho. Alikuwa amechoka, na nadhani pia kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alikuwa na amani. Alitazama juu, kule tunakokwenda, kwenye mashamba yetu.

"Kule kwetu ardhi haiendi popote," alisema. "Kule atatulia, mama Ikupa. Hatasogezwa tena na kitu."

Nilimwangalia wifi yangu. Alikuwa amesikia kwa masikio yake, kama mimi, kwamba Igamba nayo inasogea. Tena huyu ndiye mtu aliyesimama mbele ya Ivuna nzima akapoteza kazi ya ukoo wake kwa sababu ya uongo mmoja. Nikangoja amwambie ukweli mume wake.

Ketrina akainuka, akashika upande wa nyuma wa mkeka.

"Ndiyo, baba Ikupa," alisema. "Kule atatulia."